Siku marafiki wanapohamia ng'ambo: mwongozo kamili kwa familia inayokwenda kusaidia

Marafiki zenu wanaondoka kesho. Nyumba yao imejaa mabegi, watoto wao hawatulii, watoto wenu wanataka kucheza nao mara ya mwisho, na simu haziachi kuita. Mmeamua kwenda kushinda nao. Mwongozo huu haujaandikwa kwa msafiri. Umeandikwa kwa ajili yenu, familia itakayoingia mlangoni asubuhi na pengine kuwasindikiza hadi uwanja wa ndege.

Siku hii si sherehe ya kuaga. Ni siku ya kazi ambayo ndani yake mnatenga saa moja ya kuaga. Familia zinazochanganya haya mawili huwachosha watu waliokwenda kuwasaidia: zinakaa sebuleni, zinakumbushia ya zamani, zinasubiri chai, huku mwenye nyumba akitabasamu na kichwani anahesabu mabegi ambayo hayajafungwa. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Siku hii lishikeni tangu mlangoni.

Jioni ya kabla: simu moja, maswali matatu

Msiulize "tuwasaidie nini?" Mtu aliyechoka hana jibu la swali hilo. Atasema "msijali, njooni tu," nanyi mtafika bila kujua pa kuanzia. Ulizeni hivi: mnatoka nyumbani saa ngapi kwenda uwanja wa ndege? Kuna jambo gani ambalo lisipofanyika kesho hamtasafiri? Na nani mwingine anakuja?

Swali la kwanza linaonekana jepesi, lakini ndilo lenye mtego. Tiketi huandikwa kwa saa 24, na tarehe yake hubadilika saa sita ya usiku. Tiketi ikisema 00:40 tarehe 15, ndege inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo safari ya kwenda uwanjani ni jioni ya tarehe 14. Mtu akisoma "tarehe 15" akapanga kuaga watu mchana wa tarehe 15, ndege itakuwa imeshakwenda. Waombeni wawasomee tiketi, kisha andikeni kwa maneno kamili: "Jumanne usiku, saa sita na dakika arobaini, kuamkia Jumatano." Saa zote za kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo: ya kuondoka ni ya hapa, ya kutua ni ya kule.

Mkishaijua saa ya ndege, hesabuni kurudi nyuma. Tuseme ndege inaruka saa tano kamili usiku. Kwa safari ya kimataifa wawe uwanjani saa tatu kabla, yaani saa mbili usiku. Kaunta za mizigo mara nyingi hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka, na hazifunguliwi tena kwa machozi. Kama njia ni ya saa moja, ongezeni nusu saa ya foleni: watoke nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni. Basi mabegi yawe yamefungwa na kupimwa saa tisa alasiri, watu wale saa kumi, na kuaga kuwe kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili. Iandikeni ratiba hiyo kwenye karatasi moja kubwa, muibandike ukutani kwa solotepu. Kuanzia hapo karatasi ndiyo itakayowasukuma watu, na ninyi mtasalimika kuwa wasumbufu.

Jibu la swali la pili ndiyo kazi ya kwanza ya asubuhi, hata kama ni ndogo. Jibu la tatu litawahusu zaidi jioni.

Gawaneni kabla hamjafika

Kama ninyi ni watu wazima wawili, mmoja awe wa watoto na mwingine awe wa wasafiri. Msibadilishane ovyo. Anayeshika watoto anashika wote, wenu na wao, na asiitwe kubeba sanduku. Anayekaa na wasafiri anafuata maagizo yao: anapima, anafunga, anapokea simu, anafungua mlango. Mzazi aliye peke yake achague kazi moja tu, na ushauri wangu ni achague watoto. Kumwondolea mtu watoto watatu kwa saa nne ni msaada mkubwa kuliko mikono miwili ya kukunja nguo.

Bebeni vifaa vyenu. Mkasi, solotepu pana, kalamu ya wino usiofutika, mifuko mikubwa ya taka, mizani ya kuning'iniza kama mnayo, chaja za simu, karatasi za chooni (zilizokuwepo huenda zimeshapakiwa au zimekwisha), na vyombo vya chakula ambavyo hamtajali visiporudi. Nyumba inayohamwa haina kitu mahali pake.

Asubuhi kwanza: nyaraka, kabla ya nguo

Watu hukimbilia kufunga nguo kwa sababu zinaonekana. Nguo zikisahaulika zinanunuliwa. Nyaraka ndizo zinazorudisha mtu kaunta. Mwombeni mwenye nyumba aziweke zote mezani, mketi naye nusu saa bila simu wala watoto. Nyaraka ni zake, ninyi kazi yenu ni kusoma kwa sauti na kuweka alama.

Anzeni na pasipoti, moja baada ya nyingine. Je, jina kwenye pasipoti ni lile lile lililo kwenye tiketi, herufi kwa herufi? Je, muda wake wa kuisha uko mbali? Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele. Viza isomwe yote: jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuanza na ya mwisho, na kama inaruhusu kuingia mara moja au zaidi. Kosa la herufi likionekana asubuhi, bado ipo nafasi ya kulipigia simu shirika la ndege au ubalozi. Likionekana kaunta, nafasi hiyo imeshapita.

Angalieni pia njia. Kama wanabadilisha ndege kwenye nchi ya tatu, wahakikishe hawahitaji viza ya kupita tu. Kama tiketi zilinunuliwa mbili tofauti, si moja inayounganisha safari nzima, huenda watalazimika kuchukua mabegi yao katikati ya safari na kuyakabidhi upya, na hilo linaweza kuwataka waingie rasmi nchi ile.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huleta mkanganyiko. Kadi za zamani zimeandikwa kwamba zinadumu miaka 10, lakini tangu Julai 2016 kanuni za Shirika la Afya Duniani zinaitambua chanjo hiyo kwa maisha yote ya mtu, na kadi za zamani ni halali vilevile. Kwa hiyo kadi iliyoonekana "imekwisha" isitupwe. Aliyechanjwa kwa mara ya kwanza ajue cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Kuchanjwa leo hakutamsaidia kesho.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine pamoja na cheti cha kuzaliwa. Si kila afisa atauliza, lakini akiuliza, barua hiyo haiandikwi pale dirishani.

Kisha zikusanyeni katika mfuko mmoja utakaokaa kwenye begi la mkononi la mtu mzima mmoja anayejulikana: pasipoti, viza, vyeti halisi vya kuzaliwa na vya ndoa, vyeti vya shule na vya kazi, kadi za chanjo, barua ya ajira au ya chuo, na leseni ya udereva. Hata kimoja kisiingie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Kila karatasi ipigwe picha na kutumwa kwenye barua pepe ya msafiri mwenyewe, na seti moja ya kopi ibaki kwenu ndani ya bahasha iliyofungwa. Mwisho, mwandikieni kwa mkono, juu ya kipande cha karatasi, anwani na simu ya mahali watakapolala usiku wa kwanza. Maafisa wa uhamiaji huiuliza, na ndicho kitu ambacho kila mtu amekihifadhi kwenye simu iliyoishiwa chaji.

Dawa ziambatane na nyaraka. Ziwe kwenye pakiti zake za asili, na cheti cha daktari chenye jina la dawa na la mgonjwa. Zinazotumika kila siku zisafiri mkononi. Dawa za maumivu au kikohozi zenye kodeini zichunguzwe kwa uangalifu wa pekee: zinauzwa kirahisi katika baadhi ya nchi, na katika nyingine, Falme za Kiarabu zikiwemo, zinadhibitiwa na kuhitaji kibali.

Mizigo: mizani iamue mapema

Ugomvi wa siku ya mwisho, ukitokea, chanzo chake kwa kawaida ni uzito. Mume anasema begi liko sawa, mke analiinua kwa mkono mmoja na kutikisa kichwa. Wapeni mizani, mabishano yaishe.

Kwa daraja la kawaida mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa begi moja, na jumla ya urefu, upana na kina isizidi sentimeta 158. Wanaojiandaa kulipia uzito wa ziada wajue pia kwamba begi moja likizidi kilo 32, viwanja vingi havilipokei kama mzigo wa kawaida, kwa sababu ya usalama wa migongo ya wapakiaji. Hapo fedha haisaidii, ni lazima ligawanywe. Begi la mkononi hutofautiana: wengine kilo 7, wengine 10 au zaidi. Someni tiketi yao wenyewe, msiamini kumbukumbu ya shangazi aliyesafiri mwaka juzi na shirika jingine.

Hamna mizani ya kuning'iniza? Tumieni ya kupimia watu. Mmoja wenu asimame juu yake mikono mitupu, kisha asimame tena amekumbatia begi, na mtoe uzito wa kwanza kwenye wa pili. Acheni nusu kilo hadi kilo nzima ya tahadhari, kwa maana mizani ya nyumbani na ya kaunta hazikubaliani siku zote. Begi likishapimwa, lifungwe, liandikwe uzito wake kwenye solotepu, lipigwe picha, na lipelekwe kwenye chumba kimoja. Halifunguliwi tena. Mtu akikumbuka soksi, soksi ziingie begi la mkononi.

Mpangilio wa ndani nao una maana. Nguo za kila mwanafamilia zigawanywe katika mabegi mawili tofauti, ili moja likichelewa kufika kila mtu awe na cha kubadili. Jina na namba ya simu iwe nje ya begi na pia ndani juu ya nguo, kwani kibandiko cha nje hung'oka. Kila begi la mkononi la mtoto liwe na nguo za kubadilisha za seti moja, hata kama mtoto ni mkubwa na anakasirika kuambiwa hivyo.

Pawabenki na betri zozote za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege. Ziende mkononi. Kiwango kinachokubaliwa bila idhini ni hadi wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 shirika lazima likubali kwanza. Kama pawabenki imeandikwa mAh tu, zidisheni kwa 3.7 kisha mgawanye kwa 1,000: ya 20,000 mAh ni wati-saa 74, haina tatizo. Na kama begi la mkononi litachukuliwa mlangoni mwa ndege kwa sababu ndani kumejaa, betri zitolewe kwanza. Vimiminika vya mkononi viwe kwenye chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha usiozidi lita moja. Dawa na maziwa ya mtoto mchanga vina ruhusa yake, lakini vionyeshwe.

Kuna vitu ambavyo mnaweza kuwashawishi waviache bila kuwaumiza: pasi, birika la umeme, kikausha nywele. Nchi nyingi za Ulaya, Afrika na Asia zina umeme wa volti 220 hadi 240, lakini Marekani ni 120 na Japani ni 100. Chaja za simu na kompyuta kwa kawaida zimeandikwa 100-240V na zitafanya kazi popote kwa kubadili plagi tu. Vifaa vya joto mara nyingi havijaandikwa hivyo. Birika la volti 230 likipelekwa Marekani litakuwa pambo.

Vinavyobaki gawanyeni katika marundo matatu: vinavyobaki kwenu, vya kugawiwa, na vya kutupwa. Msiruhusu rundo la nne la "tutaona." Hilo ndilo litakalokuwa bado sakafuni gari linapowashwa. Nani aamue kitu kiingie rundo gani? Mwenyewe, daima. Msimwambie mtu "hii si uitupe tu," hata kama ni kikombe kilichovunjika mkono. Shikeni kitu juu, subirini jibu, kiwekeni alikosema.

Watoto: kazi iliyo ngumu kuliko mizigo

Watoto wa nyumba inayohama wameona vitu vyao vikitoweka kimoja kimoja. Watoto wenu wameambiwa rafiki yao anaondoka, na huenda hawajui hilo lina maana gani. Wakiachwa pamoja kwenye nyumba yenye mabegi wazi wataruka juu ya nguo zilizokunjwa. Watoeni nje. Bustani, uwanja, nyumbani kwenu, popote penye nafasi ya kukimbia. Warudi wamechoka, wamenawa, wamekula, saa moja kabla ya kuaga.

Kabla ya kutoka hakikisheni kitu kimoja: kile kidoli, blanketi au mto ambao mtoto wao hulala nao kiko wapi. Kiwekwe kwenye begi la mkononi mbele ya macho yake. Kikipakiwa kwa bahati mbaya kwenye begi la kilo 22.8 lililokwisha kufungwa, sheria yangu ya kutofungua begi inavunjwa hapo hapo, na ni haki ivunjwe.

Kuhusu maneno, semeni ukweli kwa kipimo cha umri. Mtoto wa miaka mitatu hajui umbali wala miezi. Mwambieni rafiki yake leo anapanda ndege, na baada ya hapo watazungumza kwa simu, hatakuja kucheza nyumbani. Mtoto wa miaka saba au minane mpeni ramani, mwonyesheni na nchi yenyewe, mhesabu naye kule ni saa ngapi hapa ikiwa saa mbili asubuhi. Kijana wa miaka kumi na mitatu hataki ramani yenu. Anataka saa mbili na rafiki yake bila mtu mzima kuchungulia, na simu yenye chaji. Mpeni.

Msiahidi msichoweza kutimiza. "Tutakuja kuwatembelea likizo ijayo" hutoka mdomoni kirahisi kwa sababu inakausha machozi, lakini mtoto anaihifadhi na kuidai. Semeni lililo hakika: siku na saa ya simu ya kwanza. Wala msimlazimishe mtoto kukumbatia au kubusu kwa ajili ya picha. Aulizwe anataka kuaga vipi. Wengine hupeana mkono, wengine huchora, wengine hukimbia kwenda kujificha na ndiyo njia yao. Akilia, kaeni naye. Hakuna haja ya kumchekesha.

Kubadilishana kitu husaidia sana, kwa sharti kiwe chepesi na bapa: barua, picha, bangili ya uzi. Mtoto wenu akitaka kumpa rafiki yake mpira, utoeni upepo mpira huo.

Simu na pesa

Hapa ndipo mtu mwangalifu anapopatikana na tatizo wiki tatu baadaye. Benki, barua pepe na huduma nyingi hutuma namba za uthibitisho kwenye laini ya simu. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na kampuni inaweza kumpa mteja mwingine namba hiyo. Kwa hiyo, wakiwa bado hapa na laini inashika mtandao, wapitie kila akaunti muhimu na kuamua: ama wabadilishe njia ya uthibitisho, ama laini iendelee kuwa hai kwa utaratibu unaojulikana.

WhatsApp inaweza kuendelea na namba ya zamani hata baada ya kuweka laini mpya kwenye simu, mradi hawajaisajili upya. Wawashe uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa namba ya siri ya tarakimu 6, leo. Wakishapata namba ya kudumu kule, watumie kipengele cha kubadili namba kilichomo ndani ya programu, ambacho huhamisha akaunti na makundi yake bila kuanza upya.

Kama wanabeba fedha taslimu, kiwango cha kutangaza forodhani ni dola 10,000 kwa Marekani na yuro 10,000 kwa kuingia au kutoka Umoja wa Ulaya. Kubeba zaidi hakukatazwi. Kinachokatazwa ni kukaa kimya. Kadi za benki zigawanywe kati ya watu wazima wawili, si zote kwenye pochi moja.

Na ninyi? Msikubali kushika namba ya siri ya benki ya mtu, hata kwa upendo. Kama mtawafanyia shughuli za fedha au nyumba wakiwa mbali, wawape hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya mwanasheria, inayotaja shughuli zenyewe. Urafiki mwingi umeharibiwa na "wewe shughulikia tu" ambayo haikuandikwa popote.

Nyumba inayoachwa

Baada ya mabegi kufungwa, pitieni chumba kwa chumba na mmoja wa wasafiri. Fungueni kila droo, kila kabati, nyuma ya milango, juu ya makabati, ndani ya mashine ya kufulia. Chaja husahaulika ukutani kuliko kitu kingine chochote. Pigeni picha ya mita ya maji na ya umeme zikionyesha tarakimu, na video fupi ya kila chumba kikiwa kitupu: ndiyo ushahidi wao wa kudai amana ya pango. Friji izimwe na mlango uachwe wazi, taka zitoke nje leo leo, gesi ifungwe. Funguo zihesabiwe, ziwekewe lebo, na ijulikane nani anazikabidhi kwa nani na siku gani.

Vitu wanavyoviacha kwenu viandikwe orodha, na orodha hiyo iwe na tarehe. Kubalianeni waziwazi: tutavitunza hadi mwezi fulani, baada ya hapo mtatuambia tuuze, tugawe au tutume. Watu huona haya kulisema jambo hili, na ndiyo maana visanduku vya watu hukaa miaka kwenye vyumba vya wengine.

Wageni wengine, zawadi na saa ya kuaga

Watakuja watu. Jirani, mfanyakazi mwenzake, binamu aliyesikia jana. Mmoja wenu awe mlangoni, apokee kwa heshima, na aseme: "Karibuni sana, wanafunga mabegi, kuaga ni saa kumi na moja, mnaweza kurudi au kuwasalimia kwa dakika tano." Mwenye nyumba hawezi kusema hivyo bila kuonekana ana kiburi. Ninyi mnaweza, na hii huenda ikawa huduma kubwa kuliko zote mtakazofanya siku hiyo.

Zawadi za siku ya mwisho ni mtihani. Kila moja ina uzito, na mizani imeshasema. Zile nzito pokeeni ninyi kwa niaba yao, pigeni picha mtoaji akiwa na zawadi yake, muitunze. Vyakula viangaliwe mara mbili: Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kuingiza nyama wala bidhaa za maziwa kutoka nje yake, isipokuwa vichache kama maziwa ya unga ya watoto wachanga, na Australia humtaka kila msafiri atangaze chakula chochote alichobeba. Yenu wenyewe iwe ya karatasi, au iwe kitu kitakachowafikia baadaye.

Chakula cha saa kumi kiwe chepesi, kile tumbo limekizoea. Siku hii haijaribiwi mapishi. Kuleni mmeketi, hata kama ni juu ya maboksi, simu zikiwa chumba kingine.

Saa ya kuaga ikifika, karatasi ya ukutani ishike usukani. Anayetaka kusema neno aseme, anayetaka kuomba aombe, picha moja ya pamoja ipigwe mapema kabla macho hayajawa mekundu. Kwa wazee wasioweza kwenda uwanjani, watengeeni dakika zao peke yao, mlango umefungwa. Mzazi anayemuaga mwanawe hahitaji hadhira.

Uwanja wa ndege

Si lazima familia nzima iende. Gari lenye abiria na mabegi sita halina nafasi ya wasindikizaji kumi, na watoto wadogo huchoka saa ile ile ambayo utulivu unahitajika. Mtu mzima mmoja wenu anatosha, na aende na begi tupu kubwa. Begi hilo ni la kazi: kaunta ikisema kilo mbili zimezidi, kinachotolewa kinarudi nyumbani kwenu badala ya kuachwa sakafuni. Kabla gari halijaondoka nyumbani, mwenye mfuko wa nyaraka aufungue na ahesabu pasipoti kwa sauti, moja kwa kila kichwa. Mabegi nayo yahesabiwe yakiingia kwenye gari na yakitoka.

Msindikizaji asiondoke pale wanapoingia tu. Abaki hadi mabegi yamepokelewa, pasi za kupandia ndege zimetoka na wamepita ukaguzi, kisha angoje nusu saa nyingine karibu na simu. Matatizo yanayotatulika kwa mtu aliye nje hutokea katika kipindi hicho.

Wakishaondoka

Wakitua watakuwa hoi. Ujumbe mfupi wa kuuliza kama wamefika unatosha, msiwatake simu ya video wakiwa kwenye foleni ya uhamiaji. Simu ya kwanza ya watoto ipangwe siku ya tatu au ya nne, saa iliyoandikwa kwa pande zote mbili. Kama wamekwenda Ulaya au Amerika Kaskazini, kumbukeni saa za huko husogezwa: nchi za Umoja wa Ulaya hubadili Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na sehemu kubwa ya Marekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Wiki hizo rafiki wa mtoto wenu ataonekana amechelewa au amewahi kwa saa nzima, na hakuna aliyekosea.

Keshoyake rudini kwenye nyumba ile mchana, si usiku. Kabidhini funguo, pateni sahihi ya aliyezipokea, mtumie picha. Vya kugawiwa vigawiwe wiki hiyo hiyo kwa waliotajwa. Bili ya mwisho ya maji au umeme ikija, ipigwe picha pamoja na ile picha ya mita, watumiwe zote mbili, na stakabadhi ya malipo ikipatikana iingie kwenye bahasha yenye kopi zao.